Mtoto Haandiki Bila wa Kumwandikia

Ukitaka kuona darasa lenye kelele likinyamaza ghafla, waambie watoto wa miaka kumi au kumi na mmoja wafungue madaftari waandike insha. Dakika moja kabla walikuwa wakisimulia kwa mdomo na mikono: boti iliyozimika injini karibu na Nkombo, mbuzi aliyeingia kanisani katikati ya mahubiri, mjomba aliyerudi kutoka Bukavu na redio mpya. Ukishaandika kichwa cha insha ubaoni, hadithi zote hizo zinapotea. Mmoja anachonga penseli ambayo tayari imechongoka. Mwingine anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Wa tatu anaandika jina lake, tarehe na jina la shule, anapiga mstari kwa rula, na kwake kazi imekwisha.

Ninafundisha darasa la tano la msingi katika sekta ya Gihundwe, wilaya ya Rusizi, kwenye ile pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda ambayo wazee bado wanaiita Cyangugu. Chini yetu ni Ziwa Kivu, na pale ziwa linapotoa mto Rusizi ndipo ulipo mpaka wa Kongo. Bukavu tunaiona kwa macho ng'ambo ya maji. Mtoto wa huku hana upungufu wa maneno. Nyumbani anasema Kinyarwanda. Sokoni Kamembe anasikia Kiswahili na kukijibu, tena Kiswahili chenye ladha ya Bukavu. Mwenye ndugu kisiwani Nkombo anajua na Kimashi. Bibi akikasirika huenda akamtupia Kifaransa. Darasani anakutana na Kiingereza. Kumwona mtoto wa namna hii amekaa mbele ya ukurasa mtupu bila neno la kuandika ni jambo linaloniuma, na limenifanya nitafute sababu yake kwa miaka mingi.

Sababu niliyoiona ni kwamba tunamwambia mtoto aandike, lakini hatumwambii anamwandikia nani. Anajua atakayesoma ni mwalimu. Anajua pia kwamba mwalimu hana hamu ya habari zake. Mwalimu anasubiri makosa. Ukimpa kichwa kama "Likizo yangu", mtoto mwerevu anafanya hesabu haraka: sentensi chache, makosa machache. Kwa hiyo anaandika zile zile alizokariri tangu darasa la tatu, kwamba jina lake ni fulani, anaishi Rusizi, anawapenda baba na mama, na likizo ilikuwa nzuri. Hajadanganya, ila hajasema lolote pia. Madaftari hamsini ya namna hiyo mwalimu anaweza kuyasahihisha akiwa amefumba macho.

Lugha nayo imeongeza uzito. Oktoba 2008 baraza la mawaziri la Rwanda liliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yakarudishiwa Kinyarwanda, na Kiingereza kikaanzia darasa la nne. Desemba 2019 wizara ya elimu ikatangaza tena kwamba Kiingereza kianze darasa la kwanza, Kinyarwanda kibaki kuwa somo. Sina ugomvi na nchi kutaka watoto wake wajue Kiingereza. Nasema tu ninachokiona kwenye madawati. Mtoto akilazimika kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kutafuta la kusema na kutafuta neno la kigeni la kulisemea, anaacha ile ya kwanza. Anasema kile anachojua kukitamka kwa Kiingereza, na hicho ni kidogo sana kuliko kile anachokijua.

Ndiyo maana darasani kwangu hakuna anayeshika kalamu kabla ya kuzungumza. Wanakaa wawili wawili, wanasimuliana kwa Kinyarwanda au Kiswahili, kila mmoja anamuuliza mwenzake maswali, kisha ndipo wanaandika. Katika kipindi cha Kinyarwanda wanaandika moja kwa moja. Katika kipindi cha Kiingereza wanaandika lile lile walilokwisha kulisimulia, na neno wasilolijua wanaliacha kwa Kinyarwanda na kulipigia mstari chini, ili sentensi isikatike. Baadaye tunayakusanya maneno yote yenye mistari na kuyatafuta pamoja. Hayo ndiyo maneno ya Kiingereza wanayoyakumbuka mpaka mwisho wa mwaka, kwa kuwa waliyahitaji kabla ya kupewa.

Njia nyingine nimeirithi kwa wazee wetu. Mnyarwanda ana ibisakuzo, vitendawili vya jioni, ambapo mmoja anatega na wengine wanategua. Ana pia icyivugo, majigambo ambayo mtu anasimama na kujisifu kwa jina, ukoo na matendo. Zamani yalikuwa ya mashujaa wa vita, na leo bado utayasikia kwenye harusi na sherehe. Nikiwaambia watoto waandike insha yenye kichwa "Mimi", napata yale ya kukariri. Nikiwaambia kila mmoja aandike icyivugo chake cha mistari minne au mitano, atakachokuja kukitamka mbele ya wenzake akiwa amesimama wima, kalamu hazitui chini. Wanajisifu kwa kweli kabisa: huyu ni hodari wa kupanda na ndoo ya maji kutoka bondeni bila kumwaga, yule hakuna kuku anayemponyoka, mwingine analala na wadogo zake watatu na hakuna anayelia akiwapo yeye. Msichana mmoja ambaye nilikuwa sijasikia sauti yake muhula mzima alijigamba kwa namna anavyomsaidia mama yake kuhesabu pesa za Rwanda na za Kongo bila kukosea. Darasa lote lilimpigia makofi. Tangu siku hiyo, akija kuuliza neno, anakuja na daftari mkononi.

Vitendawili vina faida nyingine, nayo ni kwamba vinafundisha kuchagua. Mtoto anayetunga kitendawili kuhusu jiko la makaa lazima aliangalie jiko lenyewe, aone ni nini ndani yake ambacho mwenzake hajakiona, halafu aseme kwa maneno machache bila kulitaja. Hilo ni somo la uandishi ambalo wengine wanalipata chuo kikuu. Tunatunga vyetu wenyewe, hatunakili vya zamani, na kila Ijumaa timu moja inatega na nyingine inategua. Kitendawili kisichoteguka kinaandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani kwa jina la mtunzi wake, na kinabaki hapo mpaka apatikane wa kukitegua, hata akiwa mzazi au mlinzi wa shule.

Lakini kitu kilichobadilisha darasa langu kuliko vyote ni barua.

Wazo hili lina historia. Huko Ufaransa alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Célestin Freinet, aliyezaliwa mwaka 1896. Alijeruhiwa mapafu katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kufundisha watoto wa kijijini, Bar-sur-Loup, kwenye milima ya kusini, huku akiwa hawezi kusema kwa muda mrefu bila kuchoka. Mwalimu asiye na pumzi za kuhutubu ilimbidi atafute namna ya kuwafanya watoto wenyewe waseme. Aliwatoa nje ya darasa, wakaandika walichokiona, na katikati ya miaka ya 1920 alinunua mashine ndogo ya kuchapia ili maandishi yao yawe kurasa halisi. Kisha kurasa hizo akaanza kuzipeleka kwa posta kwa mwalimu mwenzake, René Daniel, aliyekuwa akifundisha Trégunc, upande wa pili wa nchi, kwenye pwani ya wavuvi. Watoto wa mlimani wakasoma habari za bahari, na watoto wa bahari wakasoma habari za mlima. Hakuna aliyelazimika kuulizwa kwa nini anaandika.

Mimi sina mashine ya kuchapia. Nina Nkombo. Kisiwa hicho kiko ndani ya wilaya yetu hii hii, na boti huenda na kurudi. Niliongea na mwalimu mwenzangu anayefundisha huko, tukawagawa watoto wetu wawili wawili, kila mmoja wa Gihundwe na mwenzake wa kisiwani. Barua zinasafiri ndani ya bahasha moja kubwa pamoja na mtu anayevuka kwa shughuli zake. Wakati mwingine majibu yanachelewa kwa sababu ya mvua au mitihani, na nimegundua kwamba kuchelewa nako kunafundisha. Mtoto anayesubiri barua anaanza kuandika ya pili kabla ya ya kwanza kujibiwa.

Kuna mvulana mmoja ambaye nilikuwa nimekwisha kumkatia tamaa kwa upande wa hati na tahajia. Baba yake ni mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, boti tatu zikiwa zimefungwa pamoja kwa miti mirefu na wavuvi wakiimba wanapopiga makasia. Alimwandikia mwenzake kwamba siku ile bei ilikuwa nzuri, akataja kiasi. Jibu lilipokuja, mwenzake wa Nkombo, ambaye naye ni mtoto wa mvuvi, alimuuliza: hiyo bei ni ya kilo, ya ndoo au ya beseni? Na neno fulani kwenye mstari wa tatu alishindwa kulisoma, lilikuwa neno gani? Yule mvulana alikuja mezani kwangu na barua zote mbili. Hakuona aibu, alikuwa na hasira ya mtu ambaye habari yake nzuri imefika imevunjika. Aliandika upya ukurasa mzima, akaomba nimwangalizie maneno, na kwa mara ya kwanza aliweka nukta mahali pake. Nilikuwa nimemwambia habari za nukta kwa mwaka mzima. Msomaji mmoja wa umri wake, aliyetaka kweli kujua bei ya samaki, alimfundisha kwa barua moja.

Sambaza hao hao walizaa barua nyingine. Mtoto wa Gihundwe aliuliza walitoka wapi, kwa kuwa alisikia mtu mzima akisema kwamba zamani hawakuwapo. Wa Nkombo akaenda kwa babu yake, na babu akasimulia kwamba alipokuwa mtoto kweli ziwani hawakuwamo. Darasa zima likawa na ubishi. Nikawaletea taarifa: walichukuliwa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwaka 1959. Waliandika hilo wenyewe, kwa Kinyarwanda na kwa Kiingereza, na kulipeleka kisiwani ili yule babu asomewe. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2016 unataka mtoto aweze kutafuta habari, kuipanga na kuifikisha kwa mwingine. Sijui somo lililotimiza hilo vizuri kuliko barua ya sambaza.

Na watoto wa Nkombo wana maswali yao. Wanataka kujua ndege zinazotua Kamembe zinaonekanaje kwa karibu, kwa sababu wao wanaziona zikipita juu tu. Wanataka kujua kama ni kweli daraja la mpakani asubuhi hujaa akina mama wenye mabeseni ya nyanya na mayai wanaovuka kuuza Bukavu. Watoto wangu wengi ni watoto wa akina mama hao. Kwa mara ya kwanza wameona kwamba kile wanachokifahamu kwa sababu ya umaskini wa kawaida wa kila siku, kama saa ambayo mama anaamka, foleni ya mpakani, bei inayoshuka jua likipanda, ni habari ambayo mtu mwingine anaitamani.

Niseme pia habari za mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona. Mapema Juni, usafiri ulipofunguliwa kwingine nchini, Rusizi na Rubavu ziliachwa zimefungwa kwa sababu ya mpaka. Hapa kwetu familia iliyozoea kula kutokana na biashara ya Bukavu ilikaa nyumbani ikitazama ng'ambo. Novemba, darasa la tano na la sita walipokuwa miongoni mwa wa kwanza kurudi, nilitakiwa kufidia masomo yaliyopotea. Nilianza kwa kuwapa karatasi na kuwaambia waandike chochote wanachotaka mwalimu wao ajue. Hakuna aliyechonga penseli siku hiyo. Waliandika mpaka kengele ikalia na wakaomba muda. Niliposoma zile karatasi jioni nilielewa kwamba wengine walikuwa na miezi minane ya maneno ambayo hayakupata mtu.

Hapo ndipo nilipoweka kanuni ambayo sitaivunja: karatasi iliyokunjwa mara mbili haisomwi kwa sauti, na haionyeshwi mtu. Tunaishi katika nchi yenye majeraha ya familia, na kila Aprili 7 tunapoanza kukumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nyumba nyingi hubeba mambo ambayo mtoto anayahisi bila kuyaelewa. Kuna na mambo mengine, baba anayepiga, chakula kisichotosha. Mwalimu anayewataka watoto waandike kwa kweli lazima awe tayari kupokea kweli. Mtoto akiandika jambo linaloonyesha kwamba yuko hatarini, haliishii kwenye daftari; nalipeleka kwa mkuu wa shule na tunatafuta msaada, na mwenyewe namweleza kwamba nitafanya hivyo. Mengine yote nayajibu kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, kwa penseli, kama mtu anavyomjibu mtu.

Kuhusu kusahihisha, nina msimamo mkali. Daftari lililojaa wino mwekundu linamfundisha mtoto jambo moja tu: wakati ujao aandike kidogo zaidi. Mimi kwanza najibu kilichosemwa. Nauliza swali, naonyesha palipopendeza. Kisha nachagua kosa la aina moja tu, lile linalomzuia msomaji kuliko yote, na wiki hiyo tunalishughulikia hilo. Herufi kubwa wiki hii, nukta wiki ijayo. Kwa Kinyarwanda ninawahurumia zaidi, maana kanuni za tahajia zilibadilishwa mwaka 2014, na mtoto anaweza kuona neno moja limeandikwa namna moja kwenye kitabu kipya na namna nyingine kwenye Biblia ya bibi yake. Kumwadhibu kwa hilo ni kumwonea.

Walimu wenzangu huniuliza muda wa kusoma yote hayo natoa wapi nikiwa na watoto zaidi ya hamsini. Sisomi yote. Kila siku nachukua madaftari kumi ya safu moja, na mtoto anajua siku ya safu yake. Mengine yanasomwa na wenzao, ambao kwa kweli ni wasomaji wakali kuliko mimi, na baadhi ya kurasa hazihitaji kusomwa na yeyote. Mtoto anayejifunza kuimba haimbi kila mara mbele ya mwalimu wa kwaya.

Karatasi ni shida ya kweli. Daftari la mtoto lina kazi nyingi, na mzazi akiliona limekwisha kabla ya muhula ana haki ya kulalamika. Kwetu tunatumia mifuko ya saruji. Kiwanda cha Cimerwa kiko Muganza, katika wilaya hii hii, na panapojengwa nyumba hapakosi mifuko mitupu. Mfuko una matabaka ya karatasi; la nje hutupwa, lakini la ndani, ukilikung'uta vumbi vizuri nje ya darasa na kulipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, ni karatasi ngumu ya rangi ya udongo inayopokea kalamu ya wino mzito vizuri sana. Juu yake tunaandika magazeti yetu ya ukutani. Zile ndogo tunazikata, tunazikunja na kuzishona kwa uzi wa gunia, tunapata kitabu. Kila muhula darasa langu linaacha vitabu kadhaa kwenye kona ya kusomea, vyenye jina la mtunzi juu ya jalada, na watoto wa darasa la tatu huja kuviazima. Mtunzi wa miaka kumi na mmoja akimwona mtoto mdogo amelala kifudifudi anasoma kitabu chake, huna haja ya kumpa motisha nyingine.

Inasaidia kuwaonyesha kwamba vitabu hutungwa na watu wa kwao. Kabla ya 1995 mtoto wa Rwanda alikuwa na vitabu vichache mno vya hadithi kwa lugha yake. Mwaka huo, nchi ikiwa bado katika majonzi, Agnès Gyr-Ukunda alianzisha Éditions Bakame, nyumba ya kuchapisha vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda, akaipa jina la sungura mjanja wa ngano zetu. Huko Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991 kwa sababu hiyo hiyo, watoto wasome Kiswahili kilichoandikwa kwa ajili yao. Na kwa mwalimu mwenye simu tu, tangu 2014 kuna maktaba ya bure ya African Storybook, yenye hadithi fupi kwa Kiswahili, Kinyarwanda na lugha nyingine nyingi za Afrika, ambazo anaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri na hata kuzibadilisha. Watoto wangu hupenda kuzibadilisha mwisho.

Kwa wadogo wa darasa la kwanza sina mengi ya kusema, kwani siwafundishi, ila mwenzangu anayewafundisha ananiambia kwamba picha ndiyo mlango. Mtoto anachora, anaeleza, mwalimu anamwandikia neno moja chini ya picha, na neno hilo linakuwa lake. Sylvia Ashton-Warner, aliyefundisha watoto wa Kimaori huko New Zealand na kuchapisha kitabu chake *Teacher* mwaka 1963, alimwandikia kila mtoto kwenye kadi neno alilolitaka yeye mwenyewe asubuhi ile. Maneno ya hofu na ya upendo, alisema, hushikwa mara moja.

Zawadi? Nchini kwetu yamekuwapo mashindano ya kitaifa ya Andika Rwanda, yaliyowaalika wanafunzi na walimu kutunga hadithi na mashairi ya watoto, na nayaheshimu kwa sababu yalizaa vitabu vilivyosomwa. Ila ndani ya darasa zawadi huwafanya waandike wale ambao tayari wangeandika. Mtoto wa dawati la nyuma anajua peremende si yake. Yeye anahitaji barua yenye jina lake juu ya bahasha.

Na kuna jambo ambalo ningependa likome leo. Nilipokuwa mtoto niliadhibiwa kwa kuandika sentensi moja mara mia, kwamba sitaongea tena darasani. Nilimaliza usiku, kwa mwanga wa koroboi, na mkono uliuma. Adhabu hii bado ipo katika shule nyingi za Afrika Mashariki, na wanaoitoa wanaiona ya upole kwa kuwa haina fimbo. Mwalimu anayetumia kalamu kama kiboko asishangae watoto wakiikimbia. Mtafutie mtoto adhabu nyingine, au zungumza naye.

Wazazi nao wana nafasi. Kila mtaa wetu una mkutano wa jioni uliojulikana kwa jina la umugoroba w'ababyeyi, jioni ya wazazi, ambapo majirani hukutana kuzungumza mambo ya familia. Tuliomba nafasi fupi, watoto wawili au watatu wasome walichoandika, vile tu walivyokubali wenyewe visomwe. Yupo mama mmoja, mwuza unga, asiyejua kusoma. Binti yake alisoma ukurasa kuhusu siku mama alipoibiwa mtaji njiani na asubuhi yake akaamka saa ile ile kama kawaida, akakopa, akaenda. Mama alimwomba arudie. Kisha akauliza kama inawezekana apewe ile karatasi, naye akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge pale anapofunga pesa. Baada ya hapo binti huyo hajapungukiwa daftari hata mara moja.

Nina ombi kwako unayesoma gazeti hili, uwe Bujumbura, Kigoma, Mombasa, Uvira, Muscat au Brussels. Katika ukoo wako kuna mtoto wa shule ya msingi. Usimpigie simu wiki hii. Mwandikie barua kwa mkono wako, hata ya nusu ukurasa, uweke jina lake juu ya bahasha, na umuulize swali moja ambalo jibu lake wewe hulijui na yeye analijua: nani amehamia nyumba ya jirani, mbwa alipataje kovu, mwembe umezaa kiasi gani mwaka huu. Muombe akujibu kwa lugha anayoipenda. Akijibu, usimsahihishe. Muulize swali la pili.